MikroTik hEX na TP-Link TL-SG108E kwa nyumba ya Bukavu: ruta ndiyo, swichi labda, kebo kwanza

Kwa anayesoma akiwa tayari amesimama mbele ya muuzaji: ruta ichukue, swichi iulizie tena, na kebo usiilipie kabla ya kuikwaruza. Sababu ni hizi.

Tunachopima ni jozi inayotosha nyumba moja ya Ibanda au Bagira yenye vyumba vitatu, sebule, na nyumba ndogo ya nyuma iliyopangishwa. Ruta, kifaa kinachogawa intaneti ya mtoa huduma ndani ya nyumba, ni MikroTik hEX, namba yake RB750Gr3. Swichi, kisanduku cha kuongeza milango ya kebo za mtandao, ni TP-Link TL-SG108E ya milango minane. hEX ina milango mitano ya gigabiti, tundu la USB, nafasi ya kadi ya microSD, na haina Wi-Fi hata ya kusingizia. Kwa nyumba ya nyaya hiyo si kasoro. Ruta hukaa kabatini pale kebo ya mtoa huduma inapoingilia, Wi-Fi hukaa darini katikati ya nyumba kwenye kifaa chake. Ruta ya antena nne ikifungiwa kwenye kabati nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma, hizo ni antena nne zilizonunuliwa bure.

Bei ya orodha ya mtengenezaji kwa RB750Gr3 ilikuwa dola 59.95, dukani kwetu jumlisha safari ya mzigo. Ukikuta hEX mpya yenye namba E50UG kwa bei inayokaribiana, chukua hiyo. Ina RAM ya MB 512 badala ya 256, na hifadhi ya MB 128 badala ya 16. Hizo MB 16 ndizo udhaifu wa ile ya zamani: RouterOS 7, mfumo unaoiendesha ruta, imenenepa, na ukiwa umeweka vifurushi vya ziada au kuacha nakala za mipangilio ndani, sasisho linagoma kwa kukosa nafasi. Dawa ni kuhamishia faili zote kwenye kompyuta na kuondoa vifurushi usivyotumia kabla ya kusasisha.

Umeme, betri na wati

Hapa ndipo hEX inapojilipa. Adapta inayokuja nayo ni ya volti 24, lakini RB750Gr3 yenyewe (si E50UG) inakubali umeme wa DC wa volti yoyote kati ya 8 na 30. Maana yake, nyumba yenye sola na betri ya volti 12 haihitaji inveta ili ruta iwake. Betri ikishuka hadi volti 11 jioni au ikipanda hadi 14.4 mchana inapochajiwa, ruta haijali. Unahitaji plagi ya mviringo ya milimita 5.5 kwa 2.1, chanya katikati, na fyuzi ya ampea 1 karibu na betri. Fyuzi si mapambo: waya mwembamba ukigusana, betri ya gari au ya sola inaweza kuuwasha moto.

Swichi haina uvumilivu huo. TL-SG108E imetoka kwa matoleo kadhaa, na volti ya adapta si ileile kwa yote. Soma kibandiko cha chini, kisha nunua kipunguza volti kinachotoa hasa kilichoandikwa pale. Kuichomeka moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 ni kuiua, pengine si siku hiyo bali baada ya wiki chache, na utasingizia radi.

Tufanye hesabu. hEX bila kitu kwenye USB hula wati 5 kwa wingi wake, swichi chini ya wati 5. Sema wati 10 kwa pamoja, ukiacha modemu au antena ya mtoa huduma. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 7, ina Wh 84; tumia nusu tu ili isife mapema, unabaki na saa nne. Vile viboksi vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyoandikwa mAh 8800 hudanganya kwa ujanja: hiyo ni mAh kwa volti 3.7 za seli za ndani, yaani Wh 32 hivi, na sehemu hupotea katika kupandisha volti. Kwa mzigo wa wati 10 tarajia kama saa mbili na nusu. Umeme wa SNEL ukikatika kwa muda mrefu kuliko huo, unahitaji betri halisi. Mwenye kisahani cha Starlink cha kawaida asahau hesabu hii kabisa, kwani kisahani peke yake hula wati 75 hadi 100. Ruta na swichi hapo ni chenji.

Jambo dogo linalosumbua: mzigo unaopitia Kampala au Nairobi mara nyingi huja na adapta za meno matatu bapa. Usikubali kigeuzi kinacholegea kwenye prizi zetu za matundu ya mviringo. Umeme unaoruka-ruka kwenye mguso mbovu hufanya ruta ijiwashe upya kila mara, na mtu anaanza kutafuta kosa kwenye mipangilio.

Kugawana na wapangaji

Katika parseli nyingi za Bukavu, intaneti moja hulipiwa na mwenye nyumba kisha hugawanywa. Ruta nyingi za kawaida za Wi-Fi haziwezi kuzuia mpangaji mmoja anayepakua filamu asimeze kila kitu. hEX inaweza, na vizuri. Fungua Winbox, programu ya kompyuta ya kupangia ruta za MikroTik, na kwenye "Queues" tengeneza foleni moja yenye lengo la mtandao wa wapangaji, mfano 192.168.20.0/24, weka kikomo cha kupakia kwanza kisha cha kupakua, na chagua aina ya pcq-upload-default na pcq-download-default. PCQ hugawa sawa kwa kila anwani: wakiwa wawili kila mmoja nusu, akiwa mmoja anapata kikomo chote. Mpangaji mwenye ruta yake, hata akiwa na simu kumi nyuma yake, huhesabiwa kama mtu mmoja.

Weka foleni nyingine ya jumla kwa asilimia 90 ya kasi uliyopima, nayo uipime saa mbili usiku, wala si alfajiri. Lengo ni msongamano utokee ndani ya ruta yako, unakoweza kuupanga, usitokee kwa mtoa huduma.

Mtego mkubwa uko hapa. Ngome (firewall) ya kiwandani ya hEX ina kanuni iitwayo FastTrack, inayopitisha data kwa njia ya mkato bila kugusa foleni. Unaweka kikomo cha megabiti 5, mpangaji anapima anapata 20, unaapa kwamba ruta ni mbovu. Nenda "IP", "Firewall", uizime kanuni hiyo, kisha uwashe upya ruta ili miunganisho ya zamani ife. Mzigo wa prosesa utapanda, ila kwa intaneti ya megabiti 20 au 50 hEX hata haitoi jasho.

Nyumba ya nyuma ipewe mlango wake kwenye ruta yenyewe. Toa ether4, yaani mlango wa nne, kwenye bridge (kundi la milango iliyounganishwa kuwa mtandao mmoja), uipe anwani 192.168.20.1/24, uitengenezee seva ya DHCP, ile inayogawa anwani. Ukiishia hapo, utaona dalili ya ajabu: simu za wapangaji zinapata anwani, kupingi (kujaribu kama anwani inajibu) 8.8.8.8 kunajibu, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Sababu ni kanuni ya ngome inayotupa kila kinachoielekea ruta kikitoka nje ya orodha ya LAN, yaani mtandao wa ndani. DHCP hupenya, ila maswali ya DNS, yanayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, hutupwa. Wengi hutibu kwa kuingiza ether4 kwenye orodha ya LAN, na hapo wanawafungulia wapangaji ukurasa wa kuingilia ruta. Tiba sahihi ni kanuni mbili za kuruhusu mlango 53, moja ya UDP na moja ya TCP, zikitoka ether4, ziwekwe juu ya ile ya kutupa. Kisha kanuni moja ya "forward" inayozuia ether4 kwenda bridge, la sivyo mpangaji ataona televisheni na kamera zako.

Kabla ya kugusa chochote kati ya hivi, toa ether5 pia kwenye bridge, uipe anwani ya peke yake kama 192.168.99.1/24 na uiweke kwenye orodha ya LAN. Ni mlango wa dharura, na ukikosea kwingine unachomeka kompyuta pale. Kitufe cha "Safe Mode" kwenye Winbox kiwe kimebonyezwa muda wote. Mawasiliano yakikatika, ruta inarudisha yenyewe mabadiliko uliyofanya.

Kuhusu modemu ya 4G ya akiba kwenye USB, nyingi hufanya kazi, lakini usidanganywe na chaguo la "Check Gateway". Hilo hupingi hatua ya kwanza tu, yaani antena au modemu yako, ambayo hubaki hai hata kama nyuma yake intaneti imekufa tangu asubuhi. Njia ya akiba inayobadilika kweli huhitaji kupima anwani ya mbali kupitia njia ya kujirudia (recursive route).

Swichi: ile E ya TL-SG108E inahitajika?

Hesabu milango kwanza. Sebule 2 kwa televisheni na dekoda, meza ya kazi 2, vituo vya Wi-Fi 2, kinasa kamera 1: jumla 7. Swichi ya milango 8 ikitoa mmoja wa kwenda kwenye ruta inabaki na 7. Imejaa siku ya kwanza. Kwenye hEX, ether1 ni ya mtoa huduma, ether2 ya swichi, ether4 ya wapangaji, ether5 ya dharura. Unabaki na ether3 kama akiba. Mwenye ghorofa au mwenye mpango wa kuongeza chumba anunue milango 16 moja kwa moja. Swichi mbili ndogo zilizofuatana zina adapta mbili za kulisha, na mambo mawili ya kuharibika.

TL-SG108E ni nzuri kwa mambo matatu. Sanduku la chuma lisilo na feni, hivyo haivuti vumbi. Kipimo cha kebo kinachokuambia waya umekatika umbali wa mita ngapi. Na kinga ya kitanzi, ile hali mtoto anapochomeka ncha zote mbili za waya kwenye ukuta mmoja na nyumba nzima kukosa mtandao, hakikisha imewashwa. Ukurasa wake pia huonyesha kasi ya kila mlango. Ukisoma 100MF (megabiti 100) mahali palipotakiwa 1000MF (gigabiti), kuna jozi ya nyaya isiyofika. Gigabiti hutumia jozi zote nne. Megabiti 100 huridhika na mbili, ya machungwa na ya kijani. Kebo mbovu haizimi mtandao, inaupunguza kasi kimyakimya.

Kinachotufanya tusiisifu zaidi ni usimamizi wake. Kwenye matoleo kadhaa ukurasa unaonekana kutoka VLAN zote (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja), na hauna usimbaji wa HTTPS. Yaani hata ukiwatenga wapangaji kwa VLAN ndani ya swichi hii, mjanja mmoja anaweza kujipa anwani ya mtandao wa swichi na kufika kwenye dirisha la nywila. Ndiyo maana tumewapeleka kwenye ether4. Na ukishafanya hivyo, faida ya E inabaki kipimo cha kebo na kinga ya kitanzi. TL-SG108 isiyo na E, isiyo na mipangilio yoyote, ni nafuu zaidi na inatosha nyumba nyingi.

Anayehitaji E ni yule anayetaka kituo kimoja cha Wi-Fi kirushe majina mawili, la familia na la wageni, na wageni wasiwaone wenyeji. Huyo ajue kwamba TP-Link wameweka kazi moja kwenye kurasa mbili: kwanza unaandika VLAN na milango yake, kisha unaenda ukurasa wa PVID kuandika namba ileile tena. Ukisahau wa pili, data inayoingia huangukia VLAN 1 na hakuna kinachofanya kazi. Kwenye matoleo yenye "Save Config", kibonyeze. La sivyo umeme ukikatika kazi yote imekwenda. Upande wa hEX, kosa linalorudiwa ni kusahau kuiandika bridge yenyewe kuwa "tagged". Seva ya DHCP hukaa kimya. Na "VLAN Filtering" huwashwa mwisho kabisa.

Tena, E haina PoE. Kamera na vituo vya Wi-Fi vinavyolishwa kwa kebo ya mtandao huhitaji TL-SG108PE, yenye PoE kwenye milango 4, au kinasa chenye PoE yake.

Kebo

Pesa nyingi hupotea hapa kuliko kwenye vifaa vyote viwili. Katoni inaandikwa Cat6, daraja la kebo lililo juu ya Cat5e, ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, alumini inang'aa nyeupe. Kisha pinda waya mmoja mara kadhaa mahali pamoja. Alumini hukatika upesi.

Kipimo kisichobishaniwa ni cha ohmu. Kata mita 50, unganisha nyaya mbili za jozi moja upande wa mbali, pima upande huu kwa multimita, utoe upinzani wa ncha za multimita zenyewe. Shaba ya unene wa AWG 24, ambao ndio wa Cat5e, husoma kama ohmu 8.4 hadi 9.4. Cat6 ya AWG 23 husoma chini ya hapo, kama 7. Ukiona 13 au zaidi, rudisha. Upinzani huo hauonekani sana kwenye kompyuta, ila kwa PoE ndio unaofanya kamera izimike usiku taa zake za giza zinapowaka na kuvuta umeme zaidi.

Kwa nyumba hii Cat5e ya shaba inashinda Cat6 ya alumini bila mjadala. Hubeba gigabiti hadi mita 100, na hakuna chumba Bukavu kilicho mbali hivyo na kabati. Katoni moja ya mita 305 inatosha kupeleka kebo mbili kila sehemu, zikiwa sehemu saba au nane za wastani wa mita 15 hadi 18, akiba ya ncha ikiwa ndani yake. Acha mita 2 kabatini na sentimita 30 ukutani. Kupitisha kebo ya pili leo ni bei ya kebo tu. Mwakani ni bei ya kebo, fundi, plasta na rangi.

Bomba la plastiki la milimita 20 lipitishe kebo 3, la 25 kebo 4 ikiwa kuna kona. Usizipitishe bomba moja na nyaya za umeme. Ukutani funga soketi ya kubana nyaya badala ya kuacha kichwa cha RJ45 kinaning'inia, na ukinunua vichwa hakikisha ni vya unene wa kebo yako, kwa kuwa waya wa Cat6 hauingii vizuri kwenye kichwa cha Cat5e.

Mpangilio wa T568B, ncha zote mbili: mweupe-machungwa, machungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Usifumue jozi zaidi ya milimita 13. Kuna mafundi wanaopanga rangi kwa mfuatano wao, jozi moja baada ya nyingine, mradi pande mbili zifanane. Kipima-taa cha bei rahisi kinawaka nane zote, fundi anaondoka kifua mbele. Lakini pini 3 na 6 sasa zinatoka jozi tofauti, msokoto hauzilindi tena, na kebo ndefu inaanza kupoteza data au kukataa gigabiti. Fungua kichwa utazame rangi, usiamini taa.

Radi na nyumba ya nyuma

Milima ya mashariki ya Congo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na Bukavu mvua hunyesha Septemba hadi Mei. Kebo ya shaba inayotoka nyumba kubwa na kushuka mteremko hadi nyumba ya nyuma ni njia ya umeme, hata radi ikipiga mti wa jirani. Tena nyumba mbili zenye waya wa ati (unaopeleka umeme ardhini) tofauti, au zisizo nao kabisa, hupitishiana mkondo kupitia kebo hiyo, na milango huungua mmoja mmoja bila mngurumo wowote. Kifaa cha kuzuia radi kisicho na ati nzuri ni pambo.

Weka faiba. Vigeuzi viwili vya gigabiti vya kugeuza shaba kuwa faiba, kebo ya faiba iliyokwisha kufungwa vichwa vya SC kiwandani, hakuna shaba kati ya nyumba na nyumba. Chagua ile isiyo na waya wa chuma wa kuitegemeza, au uukate mbali na vifaa. Vigeuzi vya uzi mmoja huuzwa kwa jozi A na B, kimoja kikirusha kwa nanomita 1310 na kingine 1550. Muuzaji akikupa A mbili, hazitaonana kamwe. Fukia kwenye bomba, na kwenye mteremko acha mzunguko wa mita kadhaa pande zote mbili, maana udongo wetu hutembea. Anayeanza upya aangalie hEX S, RB760iGS: ina tundu la SFP la faiba na PoE kwenye mlango wa 5, hivyo kigeuzi kimoja kinapungua. Antena ya mtoa huduma iliyo juu ya paa inabaki shaba. Hiyo iingie ether1 tu, isipitie kwenye swichi, ili radi ikipiga kuwe na nafasi ya kupoteza ruta moja na si nyumba nzima.

Asiyehitaji jozi hii ni mwenye chumba kimoja na simu tatu, na yule asiyetaka kabisa kufungua Winbox wala kumlipa wa kumfungulia. hEX ikichomekwa bila kupangwa hufanya kazi, kwa 192.168.88.1, lakini hapo unakuwa umelipia foleni, ngome na milango huru ambavyo hutavitumia. Nywila ya kiwandani kwa zile mpya iko kwenye kibandiko. Kipige picha kabla ya kuifunga ukutani.